Ushanga wa Sita

Kila asubuhi kabla ya saa mbili Dafroza alinyunyiza maji kwenye sakafu ya maabara ili vumbi lisiinuke, akafagia, akafuta meza kwa kitambaa kibichi, kisha akanawa mikono na kuketi kupima shanga. Mkataba wake ulisema yeye ni mfagiaji. Lakini msaidizi wa Daktari Athanas alikuwa amepelekwa kufundisha katika kijiji cha ujamaa, na Daktari aliona kwamba macho ya mama huyu hayachoki na tarakimu zake zinasomeka.

Shanga zilikuwa za mti, zimepakwa rangi na kutungwa kwenye nyaya mbili za spoki za baiskeli zilizosimama jirani juu ya ubao. Daktari alimweleza taratibu siku ya kwanza, huku akimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Damu hubeba hewa kwa protini, na protini ni kama uzi wa shanga, kila ushanga ni amino asidi moja. Uzi huo haukai umenyooka. Hujikunja, hata shanga zilizo mbali kwenye uzi hujikuta zimekaa bega kwa bega. Kazi ilikuwa kujua ipi inagusa ipi. Dafroza aliweka rula kati ya shanga mbili, na umbali ukiwa chini ya sentimita nne alitia nukta kwenye karatasi ya miraba, pale mstari wa ushanga mmoja unapokutana na safu ya mwenzake. Umbali ukizidi, aliacha mraba mtupu.

Kielelezo kile cha shanga kilifuata damu ya mjukuu wa Dafroza. Juliana alikuwa na miaka tisa, na mifupa ilimuuma tangu alipoanza kutembea. Daktari alimpima akakuta ushanga wa sita si ule unaotakiwa. Kwa kosa hilo moja, ushanga huo hutafuta kishimo kilicho kwenye uzi wa jirani, kati ya ushanga wa themanini na tano na wa themanini na nane, ukajibana humo. Nyuzi zikishikana hivyo zinakuwa kamba ndefu, na chembe ya damu inapinda kama mundu na kukwama mishipani. Daktari aliandika jina la Juliana kwa chaki kwenye ubao wa chini wa kielelezo, kwa heshima.

Mwanzoni mwa Juni 1976 baridi ilishuka kutoka mlimani. Saa nne na robo, Dafroza akiwa na rula mkononi, ushanga wa sita ulianza kusogea kuelekea kishimoni, taratibu kama konokono. Alimwita Daktari. Daktari alitazama saa ya ukutani, akaandika saa, akamwomba apime. Zilikuwa sentimita tano, na ushanga bado unakwenda. Mchana jua lilipotoka, ushanga ulirudi mahali pake.

Jioni lori la shamba la miwa lilimshusha Dafroza kwenye kambi ya wafanyakazi, alikoishi na Juliana. Zuleha, jirani aliyemtunza Juliana mchana, alisema mtoto alianza kulia mara tu baada ya king'ora cha saa nne, akanyamaza jua lilipotoka. Kesho yake ushanga uliposogea tena, Dafroza aliingiza kidole chake cha mwisho katikati na kuuzuia. Jioni hiyo Zuleha alisema mtoto alilia kidogo tu, kisha akaomba uji, akanywa vikombe viwili.

Dafroza alimweleza Daktari, na baada ya hapo hawakuhitaji kuulizana. Walijaribu kipande cha mpira, kizibo cha chupa, hata punje ya mahindi. Vyote viliteleza. Kidole tu ndicho kilichokaa. Kwa hiyo siku za baridi Dafroza aliketi kutwa kidole kikiwa kati ya shanga, na Daktari alimletea kiti chenye mgongo, blanketi la kwake nyumbani, na mtori wa ndizi kwenye chupa ya chai. Mshahara hakuukata hata siku moja. Alikuwa mtu mwema, na ni haki isemwe.

Ila karatasi ilibaki na mraba mmoja uliongoja kipimo, mstari wa sita, safu ya themanini na tano. Kuujaza kulitaka ushanga uachwe ufike mwisho. Daktari aliutaja mraba huo mara moja tu, akaona aibu, akatoka nje.

Julai ikaingia. Kamati ya maonyesho ya Saba Saba iliomba kielelezo kiende uwanjani, wananchi waone sayansi ya nyumbani.

"Ni siku tano tu, mama," Daktari alisema.

"Na baridi, Daktari?"

"Nitakuwepo pale pale. Kidole nitaweka mwenyewe."

Alipokuwa akisema hivyo alikuwa anamaanisha.

Siku mbili za kwanza jua liliwaka. Siku ya tatu ukungu ulishuka, mlima haukuonekana tangu alfajiri, na Dafroza akaenda uwanjani kwa miguu. Kielelezo kilikuwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe, kimezungushiwa kamba ya katani, na kibao kimeandikwa USIGUSE. Mlinzi, kijana wa Njoro aitwaye Khamisi, alimwamkia shikamoo, akamtafutia kigoda, akamkatia nusu ya hindi lake la kuchoma.

Saa nane ushanga wa sita ulianza kusogea. Dafroza aliweka hindi chini.

"Mwanangu, naomba nipite. Nataka kuweka kidole tu. Mjukuu wangu anaumwa."

Khamisi alitazama kielelezo, akatazama kamba. Alimwamini. "Kamba si yangu, mama. Mwaka jana mtoto alivunja mashine ya kahawa hapa, mwenzangu akafukuzwa kazi siku ileile."

"Basi weka wewe."

Khamisi aliangalia mikono yake. "Nina watoto wanne," alisema. Kisha akavua koti lake, akamfunika mabegani.

Daktari Athanas alikuwa banda la pili na mgeni rasmi. Dafroza alimpungia mkono. Daktari alimwona, akainua kiganja, kama mtu anayemwomba mtoto asubiri kidogo, akaendelea kueleza. Walipofika, ushanga ulikuwa ukingoni mwa kishimo. Mgeni rasmi aliuliza kama kinatumia umeme. Daktari alisema hapana, Ndugu. Ushanga ukaingia wote, na watu wakapiga makofi.

Daktari alitoa rula mfukoni akapima mbele yao. Sentimita tatu na nusu. Alitia nukta kwa wino. Alipokumbuka kuweka kidole, alikisukuma katikati, lakini ushanga ulikuwa umekaza na haukutoka. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

Dafroza alipofika kambini, Zuleha alikuwa ameshamwosha mtoto na kumfunika khanga yake mpya, ile aliyoipangia foleni kutwa nzima kwenye duka la ushirika. Hakuulizwa saa. Alisema mwenyewe: tisa na kidogo.

Siku ya tatu ya msiba Daktari alikuja akiwa amebeba isale. Kwa Wachagga, aliyekosa hupeleka mmea huo kwa aliyemkosea, na anayepelekewa hana namna ya kukataa kusamehe. Daktari aliinama tu, akanyoosha mikono. Dafroza alikuwa mtu wa Kasulu, aliyefika kwenye miwa na mume wake kabla ya Uhuru, na kwao kitu hupokelewa kwa mikono miwili.

"Asante, Daktari," alisema. "Huku kwenu mna miche mizuri."

Daktari alilia, akaondoka akitembea kama mtu aliyetua mzigo. Dafroza aliupanda mmea kichwani pa kaburi, akaumwagilia. Zuleha, aliyezaliwa Moshi, ndiye aliyemweleza wiki iliyofuata.

"Ukishalipokea umeshasamehe, dada."

"Mimi nilidhani ni mche."

"Ndiyo hivyo. Limeshapokelewa."

Isale lilishika vizuri. Kielelezo kilipata kikombe cha kwanza. Kikarudishwa maabara, kikafungiwa kwenye kabati la kioo kisiharibike, na Daktari akasafiri ng'ambo kuisoma karatasi yake yenye nukta zote, ufunguo ukiwa kwenye mkufu wa saa yake. Aliacha barua kwamba Mama Dafroza aongezewe chai na sukari, na kwamba, tafadhali, aandike saa kila ushanga unaposogea.

Jina la chaki lilikuwa limefutika. Ushanga haukujali. Jua likiwaka ulitoka kishimoni, na siku za baridi uliondoka mahali pake kama zamani, na jioni Zuleha alimwambia Dafroza safari hii kilio kilikuwa nyumba gani. Ya tatu kutoka bombani. Ya mpika uji. Ya wale wageni wa kutoka Singida.

Juni iliyofuata, siku ya ukungu, saa nne na dakika ishirini, ushanga wa sita ulianza kusogea. Dafroza aliweka kidole kwenye kioo, mbele ya ushanga kabisa, akakibakiza hapo mpaka ushanga ulipoingia. Kisha alitazama saa ya ukutani, akaandika. Akachukua kitambaa, akafuta kioo, maana kidole kilikuwa kimeacha alama.