Mama Diane Anataha

"Hicho kinu leo kinarudi kwangu, Mama Diane. Kinu na mchi wake!"

"Kinarudi kwako kimetokea wapi, Mwalimu? Si tulikwenda wote mpaka kwa yule fundi wa Ntobeye tukakichagua? Leo kimekuwa chako?"

"Unataka kuondoka nacho. Sema."

"Naondoka kwenda wapi?"

"Wewe si ndiye unayejua!"

Mimi nilikuwa bombani. Ndoo yangu ilishajaa, ikamwagika, ikaanza kunilowesha miguu, na bado nimesimama. Ugomvi wa Mwalimu Auleria na Mama Diane si kitu unachokiona kila siku pale kota. Hao wawili wameishi namba saba na namba nane kwa miaka ishirini na miwili, na nyumba zetu hizi za halmashauri ukuta wake ni mmoja, tena mwembamba. Ukipiga chafya namba saba, pole inatoka namba nane. Kinu chao kilikuwa kinahama kama mgeni, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Sasa Mwalimu amekikumbatia uani mbele za watu, khanga imemdondoka, na Mama Diane ameshika mchi amepigwa na butwaa.

"Chukua basi," akasema mwisho, akauegemeza mchi ukutani. "Chukua, Mwalimu, kama kinu ndicho kinachokuuma."

Akaingia ndani.

Kilichokuwa kinamuuma Mwalimu nilikijua. Siku tatu kabla alinikuta nakaanga maandazi, akavuta debe akakaa, macho mekundu.

"Generoza, Mama Diane anatuacha. Nimemsikia mwenyewe kupitia ukutani, anaongea na simu. 'Tarehe kumi na nne turataha.'"

"Ndiyo nini hiyo?" Mimi Msukuma, ndoa ndiyo iliyonileta Biharamulo.

"Kutaha ni kurudi nyumbani. Anarudi kwao Burundi."

"Kwao Burundi wapi, wakati alivuka mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake?"

"Usinifundishe. Mimi ni mtu wa Ntobeye. Kihangaza chetu na Kirundi chao vinalala kitanda kimoja. Neno hilo sihitaji kuuliza mtu." Akajifuta pua. "Diane nilimpokea mimi kwa mikono hii, mvua inanyesha, gari hakuna. Leo mama yake anahama, mimi nasikia ukutani kama mwizi? Usimwambie mtu."

Siri hiyo niliitunza vizuri, mpaka maandazi ya kwanza yalipoiva. Jioni kota nzima ilikuwa inajua, na Elick wa namba mbili alishaanza kuulizia namba saba atapewa nani.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinaniwasha. Mama Diane ni mhudumu wa ofisi pale halmashauri, mtu wa kubeba mafaili na kuchemsha chai, mikono yake daima misafi. Wiki hizo kucha zake zilikuwa na simenti. Halafu siku moja kikapu chake kilifunuka pale kwangu, nikaona bawaba za mlango, jozi tatu, na kitasa kipya. Nikajiuliza, mtu anayehama nchi anabeba bawaba za nini?

Nikamkamata Niyomugabo, dereva wa bodaboda, nikampa andazi la bure.

"Yule mama?" akasema, mdomo umejaa. "Kila Jumapili baada ya misa nampeleka stendi. Anapanda gari za Nyakahura. Jioni anarudi."

Nilipomwambia Mwalimu, akaguna. "Nyakahura si njia ya Burundi hiyo?"

"Njia ndiyo. Lakini mbona anarudi?"

Akajifunga khanga upya, akaondoka.

Basi kesho yake baada ya ule ugomvi wa kinu, Jumapili tarehe saba, nikaaga nyumbani kwamba nakwenda soko la Nyakahura kununua maharage. Maharage nilinunua kweli, nisije nikaitwa mwongo. Nikamuuliza muuza ndizi kama anamfahamu mama mmoja mfupi, mcheshi, mwenye mwanya. Akanyoosha kidole nyuma ya migomba. Nikapita, nikatokea kwenye nyumba yenye bati linalong'aa mpaka unafumba macho. Juu ya stuli, brashi mkononi, Mama Diane anapaka rangi fremu ya dirisha.

"Generoza! Umefuata maharage mpaka dirishani kwangu?"

"Kwako?"

Akashuka. Akanishika mkono kama mtoto, akanionyesha chumba kwa chumba, jiko, hadi mahali patakapokaa kabati. Nyumba aliinunua ikiwa pagale, kuta tupu zinaota majani ndani, akaimalizia kidogo kidogo.

"Na sisi umetunyima habari, kwa nini?"

"Wewe umesahau kile kiwanja cha kwanza? Nilitangaza pale bombani, mkanipigia vigelegele, kumbe muuzaji ameshamuuzia mtu mwingine. Mwaka mzima nachota maji nainamisha kichwa. Nikaapa, safari hii sisemi mpaka niwe na mlango unaofungwa."

"Sasa ile 'turataha' ni nini?"

Akacheka mpaka brashi ikadondoka. "Turataha inzu! Kwetu nyumba mpya huhamii kimya. Unaita watu wanakula, wanakunywa, wanaijaza kelele, ndipo inakuwa nyumba ya mtu. Ndiyo kuitaha." Kisha kicheko kikamkatika. "Kumbe ndicho Mwalimu alichosikia? Ndiyo maana ya kinu?"

"Ndiyo maana."

"Yeye ndiye nilitaka aingie wa kwanza. Mtu aliyenipokelea mtoto, nani mwingine atangulie kuvuka huo mlango? Nilitaka nimwambie ikibaki siku moja. Nitamwambia mwenyewe, Generoza. Wewe funga mdomo."

Nilifunga. Mungu shahidi, nilifunga siku tano nzima. Mama Diane akagonga namba nane Jumatatu, hakufunguliwa. Akagonga Jumatano, hakufunguliwa. Ijumaa Mwalimu akatoka na begi, anakwenda kwa mama yake Ntobeye mpaka hiyo tarehe ipite. Nikamkimbilia njiani, natweta.

"Mwalimu, swali moja tu la lugha. Mtu akisema 'turataha', halafu akaongeza 'inzu', ni nini?"

Akasimama. Begi likamshuka begani.

"Inzu? Mimi inzu sikuisikia."

"Labda ilibaki ukutani."

"Nyumba gani? Iko wapi?"

"Nimekatazwa kusema. Ila maharage ya Nyakahura, Mwalimu, ni mazuri sana."

Akanitazama, akapanda gari lake la Ntobeye, akaenda.

Jumamosi Mama Diane akapita mlango kwa mlango kutualika, na tarehe kumi na nne tulijaa pale nyuma ya migomba, kota nzima na ndugu za Mama Diane. Masufuria yalishaiva. Mlango umefungwa, ufunguo uko kifuani kwa mwenyewe, kila tukiuliza anasema, "Tusubiri kidogo." Elick akaanza kunusa hewa kwa sauti. Diane akamnong'oneza mama yake kwamba chakula kinapoa. "Tusubiri kidogo."

Ndipo bodaboda ya Niyomugabo ikatokeza kwenye migomba, inayumba. Mwalimu Auleria yuko nyuma, na katikati yao, kimefungwa kwa mpira kama abiria wa tatu, kinu.

Akashuka, akajikung'uta vumbi.

"Umeniletea kinu?" Mama Diane akauliza.

"Sikukuletea. Ni wiki yako. Wiki ijayo unakirudisha namba nane."

"Nyakahura mpaka Biharamulo?"

"Kwani ulipohama uliniuliza umbali?" Akakohoa. "Mbona mlango umefungwa na watu wako nje?"

"Ulikuwa unakungoja wewe." Mama Diane akatoa ufunguo, akamwekea kiganjani. "Turataha inzu, Mwalimu. Safari hii umesikia na inzu?"

"Nimesikia, sina uziwi." Akaugeuzageuza ufunguo. Kisha akanusa. "Kisamvu hicho umetwanga na nini, na kinu nilikuwa nacho mimi?"

"Cha kuazima. Kimenichubua mikono, na kisamvu hakikulainika. Fungua uingie ukile, halafu unitukane ukiwa umeshiba."