Mistari Miwili ya Vumbi

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vumbi lililokataa kuondoka.

Kazi yangu katika karakana ya mjomba ilikuwa kufagia, kupiga msasa, na kushika upande wa pili wa ubao. Jumatatu ile nilikuwa napangusa vibao kumi alivyovikata asubuhi. Vilikuwa vimelala benchini juu ya fito mbili, havijafungwa popote. Nikakigonga kimoja kwa mgongo wa brashi ili vumbi lidondoke. Vumbi liliruka katikati, likaruka kwenye ncha, lakini mahali pawili likabaki. Lilijipanga mstari mmoja huku na mwingine kule, kama watu walioambiwa wasitoke kwenye foleni. Nikagonga tena, mistari ikanyooka zaidi. Na kibao kikalia, sauti ndefu iliyochelewa kufa.

"Wewe binti, acha kucheza na kazi ya watu," mjomba akasema. "Lete bisibisi."

Nikaleta bisibisi.

Mtaani wanamwita Fundi Milimita. Juu ya meza yake ukitua bilauri iliyojaa maji hadi mdomoni, hakuna tone litakalomwagika. Kiti chake hakilii hata akikikalia mtu mnene aliyekasirika. "Kitu kinachocheza ni aibu ya fundi," husema, na kwa miaka ishirini na sita hakuna kazi yake hata moja iliyowahi kurudishwa. Hilo ndilo jambo analojivunia kuliko yote. Mtu akimuuliza hali, hujibu, "Mzima, na hakuna kilichorudi."

Safari hii kazi ilikuwa ngeni. Mwalimu wa muziki wa shule ya jirani alitaka marimba ya kugonga kwa vijiti. Ya zamani ilikuwa imeoza, na alileta karatasi yenye urefu na unene wa kila kibao. Namna ya kuvifunga haikuandikwa. "Kufunga ni kazi ya fundi, si ya karatasi," mjomba alisema. Akavifunga kila kimoja kwa skrubu nne, mbili kila ncha, na gundi chini. Mimi ndiye niliyevishikilia. Alipomaliza aliitikisa ile marimba kwa mikono miwili. Haikutoa hata mnong'ono.

Jumatano mwalimu akairudisha.

Alikuja nayo kwenye mkokoteni, ameifunika kwa kanga kana kwamba ni mgonjwa. Alikuwa mama mwembamba, mpole, na upole wake uliuma kuliko matusi.

"Fundi, ni nzuri mno. Sijawahi kuona useremala kama huu. Ila haiimbi."

Akagonga. Ilitoa *ko, ko, ko*, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Msasa alicheka. Huyo ni fundi wa pili hapo karakanani, tunamwita hivyo kwa sababu ulimi wake unakwaruza. "Mwalimu, weka vikombe juu yake. Utapata meza ya chai."

Mjomba hakucheka. Alikuwa anautazama ule mkokoteni.

Ili tuelewe anachokitaka, mwalimu alitoa simu akatusikilizisha marimba ya zamani ilivyokuwa ikilia. Sauti chache zilizunguka, zikarudi, zikazunguka tena. Mjomba, ambaye hupenda nyimbo zenye maneno ya kuonya watu, alivumilia kidogo, kisha akauliza, "Na wimbo wenyewe unaanza lini?"

"Umefika nusu, Fundi."

"Ni kama bomba linalovujia kwenye karai," Msasa akasema.

Mwalimu hakukasirika. "Usikilizeni kama mnavyomsikiliza mgeni ambaye lugha yake hamuijui. Kwanza mnamtazama uso. Maneno yatakuja." Kisha akaimba kwa mdomo sauti zote kumi, kutoka nene hadi nyembamba, ili tujue kila kibao kinatakiwa kusema nini. "Ijumaa mchana nitakuja. Watoto wanaonyesha kazi zao Jumamosi. Ikishindikana, Fundi, usijali. Nitawaambia wapige makofi."

Alipoondoka mjomba aliketi. Sikuwahi kumwona ameketi saa za kazi. "Vipimo ni sawa," alisema, bila kumwambia mtu. "Nimepima mara tatu. Sasa kosa liko wapi?"

"Kosa ni la mwalimu," Msasa alisema, akaenda kunywa chai.

Mimi si mtu wa maneno. Niliacha shule darasa la tano, mama alipougua, na tangu hapo mbele za watu ulimi wangu hujikunja. Msasa huniita Redio Bila Betri. Basi nilichukua bisibisi nikaanza kufungua kibao kirefu kuliko vyote.

"Unafanya nini?"

Niliendelea kufungua. Nikabandua gundi kwa patasi. Nikakilaza kibao juu ya vipande viwili vya mpira wa tyubu ya baiskeli, nikakinyunyizia unga wa mbao, nikagonga taratibu, mara kumi, mara ishirini. Vumbi likatembea. Likajipanga ile mistari miwili. Nikaisogeza mipira hadi chini ya mistari, nikagonga kwa kijiti.

Kibao kikaimba. Sauti ilijaa karakana, ikagusa mabati, ikashuka.

Mjomba alisimama polepole. Niliogopa atauliza nani kanituma. Badala yake alichomoa futi yake mfukoni, maana hicho ndicho anachokifanya mtu huyu akistaajabu.

"Kibao, sentimita arobaini na tano. Kutoka ncha mpaka mstari, kumi." Akafungua kingine mwenyewe. "Thelathini na sita. Mstari uko kwenye nane." Akakuna kichwa kwa penseli. "Si robo. Wala si sehemu ya tano. Hii ni nini?"

Nikachukua uzi, nikaukata sawasawa na kibao. Nikaukunja sehemu tatu sawasawa, halafu nikaukunja sehemu tatu tena. Mikunjo tisa. Nikafungua miwili, nikailaza kutoka kwenye ncha. Iliangukia kwenye mstari.

"Mbili ya tisa," mjomba akasema. Akajaribu vibao vyote kumi. Kila kimoja kilikubali. "Mbili ya tisa! Nani alikufundisha?"

Nikainua mabega. Hesabu za sehemu ndizo tulizokuwa tunasoma wiki niliyoacha shule. Sikuzimaliza.

Alhamisi mjomba alifanya kitu ambacho najua kilimgharimu. Aliziba matundu ya skrubu, akatoboa mapya kwenye mistari, na akayatoboa mapana kuliko misumari itakayopita humo. Chini ya kila kibao akaweka mpira. "Yaani nakifunga ili kicheze," alisema. Alipoitikisa, marimba nzima ilichekacheka. Akafumba macho kama mtu anayechomwa sindano.

Lakini vibao vitatu vilikuwa havisemi sauti alizoimba mwalimu. Kila mjomba alipogonga kimojawapo, nilitikisa kichwa.

"Unakumbukaje alivyoimba?" Msasa aliuliza, baada ya mimi kutikisa kichwa mara ya pili. "Hebu tuimbie basi."

Alikuwa ananitania. Nikaugeukia ukuta, nikaimba. Sauti zote kumi, kutoka nene hadi nyembamba. Niligeuka nikakuta tupa imesimama mkononi mwa mjomba, na Msasa mdomo wazi.

"Kumbe betri zilikuwemo!" akasema.

Tukaanza. Mjomba alijua kwamba ubao ukipungua tumbo, unalegea, kwa hiyo sauti itashuka. Alipitisha tupa chini ya kibao, katikati, mara tano, akaandika tano ukutani, akaniuliza kwa macho. Bado. Mara tano nyingine. Bado. Hivyo hivyo hadi vibao viwili vikakubali. Cha tatu aliniachia mwenyewe, na mimi nikasahau kuhesabu. Nilikuwa naifuata ile sauti kama mtu anayefuata harufu ya maandazi, nikakwangua na kukwangua, hadi ikanipita. Ikashuka chini kuliko inavyotakiwa. Ubao ukishaliwa haurudi. Machozi yalinijaa. Kazi ya mjomba ingerudi mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Mjomba alikichukua kibao, akakigeuza. Hakunigombeza. "Tufikiri. Vifupi vinaimba juu, virefu vinaimba chini. Sivyo?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Basi tukikifupisha kidogo?" Akanyoa ncha kwa randa, unyoya mmoja huku, unyoya mmoja kule. "Sikiliza."

Bado. Unyoya mwingine. Nikaimba, kibao kikaimba, na hapakuwa na nafasi kati yetu.

"Akili ni nywele," mjomba alisema, akipuliza vumbi. "Zako zimekulia masikioni."

Ijumaa mwalimu alikuja, akagonga kibao kimoja, akatulia. Akagonga cha pili. Halafu akavuta stuli akapiga ule wimbo wa kuzunguka. Safari hii nilimtazama mjomba. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama anapokagua kiungo cha kabati. Mara kisigino chake kikaanza kugonga sakafu.

"Bado sijui unasema nini," alisema ulipokwisha. Akakohoa. "Piga tena."

Alipiga mara tatu.

"Fundi, nani aligundua kasoro?" mwalimu aliuliza.

Nilirudi nyuma, kuelekea kwenye ufagio. Mjomba akanishika bega, akanisogeza mbele kama anavyosogeza kabati jipya mlangoni ili wapita njia walione.

"Huyu. Mpwa wangu. Mimi nilitengeneza meza. Marimba katengeneza yeye."

"Hongera sana, mdogo wangu," mwalimu akaniambia, akinipa mkono kwa mikono yake miwili. Nikaitikia kwa kichwa.

Kabla haijapakiwa, mjomba aliipindua. Chini ya kila kazi huchora pembetatu ndogo, ndiyo sahihi yake. Akaichora. Kisha akanipa penseli. Nikachora mistari miwili kando yake, nikabonyeza sana ili isifutike.

Toka siku hiyo nina benchi langu, chini ya dirisha. Nimetengeneza marimba nne, hakuna iliyorudi. Lakini kuna jambo sikulisema siku ile, wala baadaye. Kila nikitaka kulisema mjomba huwa anacheka na wateja, nami naona si wakati.

Mjomba, nilijua tangu ile Jumatatu. Si kwamba niliona vumbi tu. Ulipokaza skrubu ya kwanza niliisikia sauti ikizimika chini ya vidole vyangu, nikajua kosa liko wapi, na nikaendelea kukushikia. Nisamehe kwa kunyamaza. Lakini nilikuwa sahihi, Mjomba, kabla ya mwalimu na kabla yako, na nilijua kwamba niko sahihi.