Shuka la Safari ya Pili

Fundi cherehani waliyemwita Mama Pindo alikwenda mahakamani siku ile na vitu vitatu: mkongojo, mdogo wake wa kike, na mfuko wa plastiki wenye shuka lililopigwa pasi. Mkongojo ulikuwa wa kumsaidia kutembea. Mdogo wake alikuwa wa kumsaidia kusema, ingawa hakuna aliyemwomba. Shuka lilikuwa la kurudishwa kwa wenyewe, maana lilikuwa limekaa kwake miezi tisa na kila akilitazama aliona haya.

"Dada, watu wamekuvunja mguu, wewe unawapelekea shuka," mdogo wake alilalamika kwenye ngazi. "Ningekuwa mimi, lingekuwa pazia siku nyingi."

"Si langu. Hebu tembea."

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja kwa sababu mapindo yake hayafumuki. Alishona sare za shule kwenye chumba kimoja kinachotazama barabara, kwa cherehani ya kukanyaga, na mguu wake wa kulia ndio uliokuwa injini. Alhamisi moja, saa tano asubuhi, alikuwa anavuka penye alama za waenda kwa miguu, amebeba sketi kumi na mbili, gari la kampuni ya ufuaji likaja. Dereva alikuwa ameinamia simu. Sketi ziliruka upande huu, fundi upande ule.

Lakini tuseme ukweli, dereva yule hakukimbia. Wengine wangekanyaga mafuta wakapotea. Yeye alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akachomoa shuka, akaufunga ule mguu uliokuwa unamwaga damu, akambeba fundi na kumkimbiza hospitali mwenyewe. Daktari alisema bila lile shuka damu ingemwishia njiani. Kwa hiyo Mama Pindo alikuwa na hasira na macho ya dereva, na alikuwa na shukrani kwa mikono yake, na kwa miezi tisa hakujua aanze na lipi.

Mfupa uliunga vibaya. Daktari wa mifupa hakumung'unya maneno: afanyiwe upasuaji wa pili kabla mwaka haujaisha, la sivyo kifundo kitakauka na hatakanyaga tena cherehani maisha yake yote. Upasuaji huo haukuwa wa kulipiwa kwa sketi. Dereva naye hakuwa na mbele wala nyuma. Alikiri uzembe wake, akatozwa faini, akafukuzwa kazi, na sasa alikuwa anabeba matofali. Aliyebaki ni mwajiri. Sheria inasema mfanyakazi akiumiza mtu akiwa kwenye kazi ya bosi wake, bosi anabeba mzigo wa fidia. Akiwa kwenye mizunguko yake mwenyewe, bosi hahusiki. Na hapo ndipo kampuni iliporuka kimanga.

Walisema gari lilipeleka mashuka ya hospitali asubuhi, safari moja tu, na kufikia saa tatu lilikuwa tupu. Yaliyofuata yalikuwa matembezi ya dereva. Dereva aliapa kwamba alikuwa kwenye safari ya pili, tena na mzigo garini. Kampuni ililichukua gari siku hiyo hiyo kabla mtu hajachungulia nyuma. Hati ya safari hiyo iko wapi? Haikuonekana. Daftari la getini je? Ukurasa wa Alhamisi ulikuwa umelowa maji, wino umetoka wote. Ni kampuni ya kufua kweli, hata madaftari yao wanayafua.

Mwanasheria wa Mama Pindo, kijana mwembamba aliyemtetea bila malipo, alitafuta karatasi mpaka macho yakamwiva. Mawakili huuliza karatasi. Hakuna aliyeuliza shuka, na Mama Pindo hakulitaja, kwa kuwa kwake lilikuwa kitu cha watu alichochelewa kurudisha, basi.

Siku hiyo kampuni ilileta shahidi wake wa mwisho: mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, ambaye kwa miaka ishirini na mitatu kazi yake ilikuwa kutia alama mashuka kabla hayajapakiwa.

"Mzigo wa Alhamisi hiyo ulifika hospitali?" wakili wa kampuni alimuuliza.

"Ofisini waliniambia ulifika wote."

"Kwa hiyo ulifika."

"Nasema, waliniambia."

Wakili aliridhika na hicho alichopata. Hakimu akatangaza mapumziko ya nusu saa, na kila mtu akatoka kwenda kunyoosha miguu, isipokuwa yule ambaye mguu wake haukunyooka.

Mama Pindo alimkuta mtia alama kwenye benchi la ukumbini, peke yake, anafuta miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mguu." Alisema kwa sauti ya chini, akatazama pembeni kuona kama wakili wake yupo.

"Nimeshapoa. Mama, samahani sana, hili ni lenu. Ndilo nililofungwa nalo siku ile. Tumelifua, na palipochanika nimepatia mshono. Doa kidogo limegoma kutoka. Naomba mnisamehe kwa kuchelewa."

Mtia alama alipokea. Mkono wake haukungoja kuamriwa: kidole gumba kilifuata pindo mpaka kwenye pembe, kama kilivyofanya maelfu ya mara, kikasimama. Akavaa miwani. Pembeni pale palikuwa na uzi wa kijani, mishono miwili ya mshazari, fundo limefichwa chini.

"Hukuukata huu uzi?"

"Ningeukataje? Mimi ni fundi, mama. Kitambaa cha mteja nakitia uzi wangu, na hautoki mpaka mwenyewe achukue nguo yake. Nilijua hii ni alama ya mtu. Sikuigusa."

"Mimi nilitaka kuukata," mdogo wake akadakia. "Ulikuwa unaniudhi. Akanipiga kofi mkononi."

Mtia alama hakucheka. Alililaza shuka mapajani.

"Kijani ni Alhamisi," alisema polepole. "Mshono mmoja, safari ya kwanza. Miwili, safari ya pili. Mzigo ukifika, wauguzi wanahesabu, na kila wanalolipokea wanalikata uzi. Hili halikupokelewa na mtu. Lilikuwa njiani."

Mama Pindo alielewa. Aliona mguu wake ukikanyaga, aliona gurudumu la cherehani likizunguka. Kisha akamtazama yule mama, akaona kwamba naye ameelewa.

"Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu," mtia alama alisema.

Mama Pindo alitamani kupiga magoti pamoja na ule mguu mbovu, amsihi. Hakuweza. Si huyu aliyemvunja mfupa.

"Mama, mimi nimeleta shuka tu," alisema. "Ukiondoka nalo, ni haki yako. Sitakudai neno."

Mtia alama alilikunja shuka, pembe kwa pembe, lile kunjo la watu wa kazi ile lisiloacha kikunyanzi. Akaliweka kwapani.

"Huyo wakili wako mwembamba yuko wapi?"

Mwanasheria alipoambiwa alikimbia mpaka kiatu kikamvuka. Aliomba shahidi aitwe tena, wakili wa kampuni alipinga, hakimu akakubali. Mtia alama alisimama kizimbani na kueleza yote, uzi na mishono, huku shuka limetandazwa mbele ya hakimu. Doa lilionekana, hafifu, la rangi ya chai.

"Si ajabu lilisahaulika garini tangu wiki za nyuma," wakili wa kampuni alisema.

"Mzigo haulali garini, mheshimiwa. Shuka la hospitali likilala garini linarudi kufuliwa, na uzi wake unafumuliwa."

"Mama, unakumbuka ni nani anayekulipa mshahara?"

"Nakumbuka. Ndiyo maana naujua uzi wake."

Hakimu aliinama, akaigusa ile pembe kwa kidole. Wiki tatu baadaye alisoma hukumu: dereva alikuwa kwenye safari ya pili, akiifanya kazi ya mwajiri, na mwajiri atawajibika kwa uzembe wake. Fidia ilitosha upasuaji, matibabu na miezi ambayo cherehani ilikuwa imefunikwa.

Mlangoni alisimama dereva, amevaa shati la kuazima. Hakuthubutu kusogea. Mama Pindo akamwendea yeye.

"Simu yako ilitaka kuniua," alimwambia. "Mikono yako ikakataa. Ahsante kwa shuka, mdogo wangu."

Mwanamume mzima akalia pale, mbele za watu.

Ila mtia alama hakuonekana. Siku ya ushahidi alipita mlango wa pembeni bila kungoja kushukuriwa, na siku ya hukumu hakuja. Mama Pindo alikwenda kumuulizia kwenye geti la kampuni mara mbili, mlinzi akamwambia wageni hawaruhusiwi. Watu walisema amefukuzwa. Neno hilo lilimkaa kifuani kama mwiba. Alipata mguu, na mwenzake amepoteza mkate? Shukrani yake haikuwa na mahali pa kwenda.

Alilazwa Alhamisi, upasuaji ukiwa kesho yake asubuhi. Mdogo wake alikuwa ameketi kitini akiwapa wauguzi ushauri. Muuguzi mmoja, ambaye kazi za wodi zilikuwa zimemzidi, alitandika kitanda haraka haraka, akamfunika shuka, akaenda zake.

Mama Pindo alivuta shuka kifuani, na kidole gumba chake, kwa tabia tu, kikafuata pindo mpaka kwenye pembe. Kikasimama.

Uzi wa kijani. Mishono miwili ya mshazari. Akaigeuza ile pembe: fundo limefichwa chini. Fundi haukosei mkono wa fundi mwenzake. Huu ulitiwa asubuhi hiyo hiyo, na mtu aliyekaa mahali pake pale pale alipokaa miaka ishirini na mitatu.

"Dada, unalia nini? Unaogopa kisu?"

"Hawakumfukuza," Mama Pindo alisema. "Yupo kazini. Mungu wangu, ahsante, yupo kazini."

Muuguzi alirudi mbio, amekumbuka. "Samahani, mama, kuna uzi hapo nilisahau kuukata."

"Nipe mkasi, mwanangu," akasema Mama Pindo. "Huu naupokea mimi."