Debe la Kuamia Ndege

Tangu asubuhi Scolastica hakai wala hasimami. Mara yuko barazani na daftari, mara kaenda kuchungulia maharage ambayo hata si yeye aliyeyabandika. Mwongoza watalii mzima, aliyezoea viboko wa Katavi, leo anahangaishwa na zoezi la Kihispania.

Zoezi lenyewe lilikuwa dogo: aandike kumbukumbu ya utotoni, akitumia vile vijineno vya anayetendewa, me, la, le, los. Juzi alimtumia mwalimu wake Helena, kwa simu, habari za kuamia ndege, kuwafukuza shambani, kule kwao Kibaoni: yeye na mdogo wake Imakulata juu ya dungu la kulindia shamba, mpunga umeiva, mdogo mtu akasinzia kwenye zamu yake, ndege kwelea wakaumaliza. Helena alirekebisha maneno mawili, akamsifu, kisha akauliza: ¿Quién la despertó? Nani alimwamsha?

Aliyemwamsha ni baba, kwa fimbo. Na kiini cha habari kilikuwa uongo.

Kwao, mwenye debe la kupiga kutishia ndege ndiye mwenye zamu. Siku ile debe lilikuwa la Scolastica. Alilitua taratibu karibu na kichwa cha Imakulata aliyejilalia zake, akakimbilia mnadani kutazama ngoma. Baba alipomkuta mdogo mtu usingizini na debe ubavuni, akasema huyu wa kulala abaki shambani, mwenye macho aende sekondari. Mwenye macho akaenda kweli, akanyamaza miaka ishirini na miwili. Na sasa yuko Mwamkulu, nyumbani kwa Imakulata huyo huyo, anakula wali wake.

"Glory, usisinzie na kitabu," Imakulata alimwambia binti yake, huku akipepeta mchele. "Mimi usingizi ulininyima shule. Nyie mnaona mchezo."

 Scolastica akachana karatasi, akaandika upya: La dejé dormida. Le puse la lata al lado.

"Soma tukusikie, dada," alisema Imakulata.

Akasoma.

"Ndiyo nini sasa hicho?"

Angeweza kusema lolote, nani angejua pale? Akasema kweli.

"Nimeandika kwamba nilimwacha amelala. Debe nikamwekea pembeni. Zamu ilikuwa yangu, Imakulata. Mimi nilikwenda mnadani."

Ungo ukasimama. Imakulata hakufoka, hakulia.

"Mpunga ukiiva mimi silali," alisema. "Kila mwaka. Mume wangu ananicheka. Nilijua nina kasoro." Akauweka ungo chini. "Kwa hiyo sikulala kwenye zamu."

"Hukulala. Nisamehe, mdogo wangu."

 Imakulata alimwita Glory asogee, akamkalisha mbele ya Scolastica.

"Mwambie na huyu," alisema. "Maana nimemwimbia uzembe wangu tangu ananyonya. Mwambie kwa Kiswahili."