Siku Simu Ilipomkataa Lelgut

Kwaru, kwaru, kwaru. Bado ni giza, na jikoni mama mkwe wangu anasugua kibuyu. Kogo, nyanya, ndivyo tunavyomwita sote, kwa kuwa mwanangu humwita hivyo. Huchoma kijiti cha mti wa senetwet, kisha kwa mkaa wake hupaka kibuyu ndani mpaka kiwe cheusi, ndipo amimine maziwa yalale humo yawe mursik, maziwa yetu ya mgando. Sauti hiyo ndiyo saa yangu. Nikiisikia najifunga leso, namfunika mwanangu Chepchirchir blanketi vizuri, naenda kumkamua Lelgut.

Lelgut ni ng'ombe mwenye mdomo mweupe. Nilipoolewa, mama yangu alinikabidhi akiwa ndama, akaniambia, "Kwa boma la watu, huyu ndiye atakuwa upande wako." Na amekuwa.

Siku hizi ushirika wetu wa maziwa unataka picha kabla mkebe haujatoka nyumbani. Unachota maziwa kwenye kikombe cheupe, unapiga, unatuma, na akili bandia iliyo ndani ya simu inaangalia kama ng'ombe ni mzima. Asubuhi moja nilichukua kikombe cha Chepchirchir mezani, nikachota, nikapiga picha chini ya balbu yetu hafifu, nikatoka mbio.

Kituoni, Oketch anayepokea maziwa aliangalia simu yake, akanyanyua nyusi.

"Mama Chep, leo wewe ni nyekundu."

"Nyekundu ya nini?"

"Ng'ombe anaumwa kiwele. Imeandikwa hapa, amezidiwa. Maziwa yake hayaingii tena."

"Si uyanuse basi, Oketch! Uonje!"

"Mimi na pua yangu tulistaafishwa, mama. Simu ikisema nyekundu, nafunga."

"Na simu ikisema umekufa?" akauliza Syprose, jirani yangu anayechuma chai kwa mashamba ya kampuni.

"Nitaomba ruhusa nikazikwe."

Foleni ikacheka, halafu kila mtu akawa na lake. Mzee Kiplangat alisema hao ni wahalifu wa mtandao wameingia ndani ya mashine, amesikia redioni. Mwingine akasema afadhali mashine kuliko mtu, kwa sababu mashine haina shemeji wa kupendelea.

"Haina shemeji," Syprose akajibu, "lakini pia haina aibu. Mtu akikosea utamwona akiangalia chini. Hiyo itaangalia wapi?"

Nilirudi na mkebe wangu ukiwa umejaa. Nilidhani Kogo ataicheka simu, maana hakuwahi kuipenda. Badala yake akasema, "Hii simu ndiyo ilisema mvua ya mawe inakuja, tukakataa kusikia. Ikapiga chai yote. Sikatai mara ya pili." Akampigia Mokaya, mnunuzi wa ng'ombe. "Bora aende akiwa bado na nyama. Mokaya atakuja jioni."

Mkwe habishani. Nilienda nyuma ya zizi nikaiandikia simu: Umejuaje? Ikajibu, Samahani kwa usumbufu, matokeo ni sahihi. Nikauliza, Nani amesema ni sahihi? Ikajibu, Samahani kwa usumbufu.

Hapo nikamkumbuka mwalimu Nyanchoka, anayetufundisha masomo ya jioni. Hupenda kutuambia kwamba jibu lisilo na mwenyewe ni uvumi, hata likiandikwa vizuri namna gani. Kwa hiyo nikapiga simu ofisi ya ushirika, nikaomba jina. Si namba, jina la mtu. Wakanipa Nelvine, afisa wa mifugo.

"Dada Nelvine," nilimwambia, "sitaki kubishana na simu. Nataka uje umshike ng'ombe wangu kiwele, halafu useme kwa mdomo wako kwamba anaumwa. Ukisema wewe, nitamwachilia."

Akajibu, "Nakuja."

Alipofika na gambuti zake zimejaa matope, Mokaya alikuwa tayari amemfunga Lelgut kamba shingoni.

"Daktari, fanya haraka," Mokaya alisema. "Mimi nimekodi lori, na lori haijui huruma."

Nelvine alipapasa kiwele polepole. Akakamua kidogo kutoka kila chuchu kwenye kisahani cheusi, akatia dawa yake ya kupima, akazungusha. Maziwa yalibaki maji, meupe, hayakuganda hata tone kama yanavyoganda ya ng'ombe mgonjwa.

"Huyu ni mzima kuliko mimi," alisema. "Sasa simu iliona nini?"

Akafungua picha yangu. Kweli, maziwa yalikuwa ya kijivu, na vidoadoa vyeusi. Kogo akaishika ile simu mbali na macho yake, akaiangalia, akaanza kucheka mpaka akaketi kwenye nyasi.

"Huo ni mkaa wangu! Hiyo ni mursik ya mtoto!"

Kikombe. Chepchirchir alikuwa amekunywa mursik jana yake, na mimi nikamimina maziwa mapya juu ya mabaki.

"Ni mimi," nilisema. "Sikukiosha."

"Ni wewe kidogo," Nelvine alisema. "Mashine ilifundishwa kwa maziwa ya watu ambao hawajui mursik. Hakuna mhalifu aliyeivamia. Na mimi ndiye nilikubali imfungie mtu bila mtu yeyote kuja kuangalia. Hilo ni langu." Akampigia Oketch papo hapo, sote tukisikia. "Mfungulie Mama Chep. Andika ni Nelvine amesema. Na kuanzia sasa, nyekundu yoyote unanipigia kabla hujarudisha mkebe wa mtu. Nitakuja mwenyewe."

"Na pua yangu?" sauti ya Oketch ikauliza.

"Irudi kazini."

Mokaya alifungua kamba akinung'unika, lakini Kogo akamletea bilauri ya mursik kwa ajili ya safari yake, akanywa yote na kubaki na masharubu ya kijivu. Mimi niliweka paji langu la uso kwenye ubavu wa Lelgut, dakika moja tu, ili wasinione.

Kisha nikaosha kikombe, na Nelvine akasema tutume picha nyingine, pamoja na maneno ya kueleza, ili mashine ijifunze. Chepchirchir alikishika kwa mikono miwili.

"Hiyo simu inasikia?" akauliza.

"Inajaribu," Nelvine alisema, akabonyeza mahali pa sauti.

Mwanangu akasogeza mdomo karibu kabisa, kama anayemwambia mtu mwenye masikio mazito.

"Lelgut si mgonjwa."