Musinifunge Kamba

Tangu asubuhi Libérat hakukaa kitako. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa, akaenda hadi barabarani, akarudi mikono mitupu. Binti yake Divine, aliyetoka Uvira kuja kumsalimu hapo Lubarika, alimtazama mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Papa, ikala basi. Iko nini?"

Akaketi, akasimama tena. Alikuwa amefikisha umri ambao akili ya baba yake, mzee Ndihokubwayo, ilianza kumtoka. Mara mbili mwezi huo alikuwa amefika shambani asijue alichofuata.

"Chukua karatasi uandike, ningali najijua," alisema. "Siku nikikusahau weye, shamba usimamie weye, si kaka yako André. André atauza. Hiyo ni moja. Ya pili, musinifunge kamba."

Divine aliweka kalamu chini. "Nani atakufunga?"

"Minye nilimufunga babu yako."

Hakuwahi kumwambia mtu. Mzee alikuwa akitoroka kila alfajiri kuelekea mto Ruzizi, kumtafuta mkewe aliyekwisha kufa. Mpunga ulikuwa umeiva, na Libérat hakuwa na wa kumwachia. Akachukua kamba ya mbuzi, akamfunga mguu kitandani. Aliporudi alikuta kifundo cha mguu kimechubuka. Mzee alimshukuru sana, akidhani ni mpita njia aliyekuja kumfungua.

Divine alichukua tena kalamu. "Papa, sitakudanganya. Siku hiyo utakuwa kwangu Uvira, na minye niko na kazi. Ukielekea ku ziwa, nitafanya nini? Kamba hapana. Lakini mulango nitafunga na kufuli."

Libérat alizunguka ua mara mbili. Alikuwa ametaka ahadi nzima, wala si hiyo.

"Funga," alisema mwishowe. "Lakini muntu akuwe ndani pamoja na minye."

"Niandike hivyo?"

"Andika."

Jumapili baada ya misa waliisoma karatasi hiyo mbele ya André na shangazi Marie-Jeanne. André alinuna, akauliza kama yeye si mtoto wa nyumba hiyo. Shangazi akamsogezea kalamu, naye akatia sahihi.

Alasiri Libérat alikuwa shambani, akitaja kwa sauti majina ya wenye mashamba jirani, mmoja baada ya mwingine. Kwa wa tano alisita. Akasubiri, jina halikuja, akaendelea na wa sita.