Chungu cha Nne

Nilimwambia mwalimu wetu, Bwana Wessel, kwamba sili, kwamba chakula cha namna ile sitakipika kamwe, na kwamba kwenye benchi langu sitoki. Yote matatu niliyasema kwa pumzi moja, mbele ya wanafunzi kumi na wanane, upawa ukiwa bado mkononi.

Lakini kwanza niseme benchi lenyewe nililipataje. Baba yangu, mzee Gharib, alifika Karagwe na misafara ya pembe kutoka Bagamoyo, akaoa Mnyambo, mwenyeji wa hapa, akabaki akiuza chumvi na nguo. Alinifundisha kusoma kwa herufi za Kiarabu, na kaka zangu hawakunifikia. Kisha siku moja askari wa boma la Wajerumani wakamzuia kivukoni Murongo, wakamrudisha na mizigo yake yote. Walimwonyesha karatasi, wakasema ameiwekea kidole mwenyewe. Tuliishika nyumbani mmoja baada ya mwingine, ilikuwa kwa herufi za Kijerumani, na hakuna aliyeweza kumwambia mzee imeandikwa nini. Baba aliikunja, akaiweka chini ya mkeka. Niliona aibu kwa niaba yake, na aibu ile ikageuka hasira, na hasira yangu huwa haipoi upesi.

Kwa hiyo Walutheri walipofungua shule ya walimu kilimani juu ya Nyaishozi, mwaka wa 1913, nilipanda nikaomba kupika. Ujira sikutaka. Nilitaka kukaa benchi la nyuma wakati wa masomo. Bwana Wessel alikubali, nadhani akitegemea nitachoka mwenyewe. Sikuchoka. Kufikia mvua za mwezi wa kumi na moja nilikuwa nasoma Injili yao kwa sauti, bila kukwama, ingawa ile karatasi ya baba ilikuwa bado inanishinda. Nilihitaji miezi michache tu zaidi.

Jikoni nilikuwa na vyungu vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha ndizi na maharage, cha Wanyambo walio wengi. Cha pili kilikuwa cha akina Kabyemera, vijana wa wafugaji, ambao siku ya kunywa maziwa hawagusi maharage, wakihofia ng'ombe wao watadhurika. Cha tatu kilikuwa changu na cha vijana wawili wa Kiislamu kutoka Omurushaka, na nyama yake aliichinja baba. Mama yangu alinifundisha pia miziro ya koo, kwa hiyo nilijua nani hali mnyama gani. Hakuna aliyewahi kulala njaa kwangu.

Bwana Wessel hakuvipenda vyungu vile. Alikuwa mtu mwema, na hicho ndicho kilichoniudhi zaidi, maana mtu mbaya ungemnunia tu yakaisha. Alisema kwa Kiswahili chake cha Tanga kwamba vyungu vitatu ni ukuta kati ya ndugu. Jumamosi akaenda porini na bunduki, akarudi na pongo. Jumapili akaingia jikoni mwangu kwa mikono yake mwenyewe, akamkata yule pongo, akamtia kwenye sufuria pamoja na maharage, kisha juu yake akamimina maziwa, kama wanavyofanya kwao.

Nikamwangalia mpaka akamaliza. Katika sufuria moja alifanikiwa kumkosea kila mtu. Nyama haikuchinjwa, kwa hiyo sisi Waislamu tumetoka. Pongo ni mziro wa ukoo wa nusu ya darasa. Maharage na maziwa pamoja, akina Kabyemera walishika vichwa. Hata ningetumwa niwafukuze wanafunzi wote kwa siku moja, nisingeweza kupika vizuri zaidi ya hapo.

Waliketi mbele ya sufuria, hakuna aliyenyoosha mkono. Wanamheshimu mwalimu, basi wakainamisha macho. Mimi ndiye niliyesema yale matatu.

"Mwajabu," akajibu Bwana Wessel, uso umemwiva, "hapa tuna chungu kimoja. Kesho kengele ikilia, ama umekula nasi, ama umeshuka kilima."

Nilishuka mpaka kwa baba nikamweleza. Nilitegemea aseme rudi, kaombe radhi. Aliitoa ile karatasi ya Murongo chini ya mkeka, akaiweka mapajani mwangu.

"Nani atanisomea hii?" akauliza.

Alfajiri ya Jumatatu senene, wale panzi wa msimu wa mvua, walianguka. Walifunika kilima kizima, kijani kila jani, na watu wote walikuwa nje na vikapu. Wanawake wa Kinyambo huwaokota, huwanyonyoa mabawa, huwakaanga, lakini hawawali. Ni chakula cha waume zao. Hata mama yangu hakuwahi kuonja. Mimi nilifuata dini ya baba, nayo haimkatazi mtu panzi, kwa hiyo nawala, tena kwa ulafi. Nikaokota kikapu kikajaa, nikawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi ya baba.

Kengele ilipolia niliingia darasani na chungu cha moto. Nilikiweka mezani kwa Bwana Wessel, juu kabisa ya daftari lake.

"Shikamoo Bwana. Chungu kimoja. Nimekuja kula nawe."

Alichungulia, akarudi nyuma. Macho ya senene yalikuwa yanamtazama. Nikachukua mmoja, nikamtafuna, kisha nikakisogeza chungu.

"Siwezi," akasema.

"Nani amekukataza? Wiki iliyopita tulisoma kwamba Yohana Mbatizaji alikula nzige kule jangwani. Nilisoma mimi mwenyewe, ulinisifu."

Nyuma yangu mtu alikohoa, nikajua ni Kabyemera anazuia kicheko. Bwana Wessel alinyoosha vidole viwili hadi kwenye ukingo wa chungu. Vidole vikarudi.

"Mama yangu hakunilea hivi," akasema kwa sauti ndogo.

"Wala mama zetu hawakutulea kwa sufuria ya jana," nikasema. "Na kama mabinti wa Kinyambo wangekuwa hapa leo, hiki chungu cha senene kingewafukuza wao pia. Nikikipika, wao nitawapikia cha kwao."

Alikaa. Kwa muda mrefu aliangalia wanafunzi wake, benchi moja baada ya jingine, kama mtu anayewahesabu upya.

"Vyungu vingapi, Mwajabu?"

"Vinne, Bwana. Cha nne ni chako. Niambie tu mama yako alikuwa anakupikia nini."

Hakusema nibaki, na mimi sikuuliza. Benchi la nyuma nililipita. Nikakaa la mbele, Kabyemera akasogea kando kunipa nafasi, nikafungua kitabu pale tulipoishia, nikaanza kusoma kwa sauti kabla hajaniruhusu.